Mstari Usiopanda Wala Kushuka

Mtaro wa maji ya mvua ukichimbwa kwa mteremko wa sentimita 50 katika kila mita 100, maji yatakwenda. Ukichimbwa bila mteremko yatasimama humo, yatazaa mbu, na masika yakikolea yataingia sebuleni kwa watu. Kinachoutenga mtaro mzima na mtaro mbovu ni milimita 5 katika kila mita moja ya urefu, na milimita hizo hakuna jicho linaloziona. Simama kwenye mtaa wowote wa tambarare wa Dar es Salaam uulize wenyeji barabara inashukia upande gani. Watabishana, na kila mmoja atakuwa na ushahidi: ukuta wa jirani uliojengwa kwa kupandishwa, safu ya nguzo za umeme, bonde linaloonekana kwa mbali. Jicho hupima kwa kulinganisha, na kila kinachokaa karibu nalo hulipotosha. Maji hayana mazoea hayo.

Mafundi nyumba wana dawa yao ya zamani. Wanachukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wanaujaza maji, mmoja anashika ncha moja kwenye kona ya msingi na mwingine anashika ncha ya pili kwenye kona ya mbali. Maji hutulia kimo kimoja huku na huku, penseli inachora alama, kazi imekwisha. Njia hiyo ni safi kabisa isipokuwa kiputo cha hewa kikijificha ndani ya mpira, na isipokuwa ukitaka kwenda kilomita 3. Huko Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo mirefu ya kuteremsha maji kutoka mabonde ya juu hadi migombani, bila chombo chochote cha kioo. Walitumia jicho lililozoea mlima, na maji yenyewe yakawa mkaguzi. Yakigoma kwenda, mahali pale panachimbwa upya. Mimi huivulia kofia kazi hiyo. Lakini mhandisi wa barabara au wa bomba la majitaka hana nafasi ya kuchimba kwanza ndipo aulize. Anahitaji kujua kimo cha ardhi kabla jembe halijagusa chini, na hapo ndipo anapoitwa mpima na leveli yake.

Leveli ni chombo kinyenyekevu. Ni darubini ndogo juu ya stendi ya miguu mitatu, na kazi yake ni moja tu: kutazama mbele kwa mstari usiopanda wala kushuka. Haitaji kimo cha mahali, haijui kaskazini, na haijui hata yenyewe imesimama juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Ukiizungusha, mstari wake unafagia hewani kama uso wa maji yaliyotulia, na popote ulipo ndani ya upeo wa darubini, uso huo uko kwenye kimo kilekile. Mengine yote ni kuhesabu umbali kutoka uso huo hadi chini.

Zamani mstari huo ulitafutwa kwa kipovu ndani ya bomba refu la kioo, naye mpima alilazimika kukiweka katikati kabla ya kila somo, akivizia upepo upite. Mwaka 1950 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilitoa leveli yake ya Ni 2, yenye kioo kilichoning'inizwa ndani ya darubini kwa nyuzi nyembamba. Kioo hicho huvutwa na uzito wake wenyewe, na mwili wa chombo ukiwa umeinama kidogo, chenyewe kinarekebisha mstari urudi kuwa mlalo. Leo karibu kila leveli unayoiona kandokando ya barabara zetu ni ya jinsi hiyo. Mpima anatuliza kipovu kidogo cha mviringo kwa skrubu tatu, basi, kioo kinamaliza kilichobaki. Anayejua kazi lakini hakiamini hivihivi. Kabla ya somo la kwanza anagonga mguu wa stendi kwa ncha ya kidole huku akichungulia. Taswira inaruka, inatetemeka, inarudi palepale ilipokuwa. Isiporudi, kioo kimekwama, na siku nzima ya kazi ingekuwa takataka.

Upande wa pili wa kazi yuko mtu ambaye wapita njia hawamtazami. Ndiye mshika stafu, yaani kijana aliyesimama na ubao mrefu wa alumini wenye miraba myekundu na myeusi. Watu hudhani kazi yake ni kusimama. Mimi nasema nusu ya usahihi wote iko mikononi mwake, na mpima yeyote mkweli atakubali.

Itazame stafu kwa karibu. Kila mraba una kimo cha sentimita moja, na miraba imepangwa kwa umbo linalofanana na herufi E ili jicho lisipotee kwenye msururu wa mistari. Kila sentimita kumi kuna namba. Rangi hubadilika kila mita inapoanza, kutoka nyeusi kwenda nyekundu na kurudi. Milimita hazikuchorwa. Mpima huzikadiria ndani ya ule mraba mmoja, akiugawa kwa macho sehemu kumi, pale uzi wa katikati wa darubini unapoukata. Anayeanza hukadiria kwa kubahatisha. Aliyekomaa ukimrudisha mara tatu kwenye somo lilelile atakupa namba ileile, au atapishana kwa milimita moja. Wazee waliojifunzia leveli za zamani walifanya hayo yote stafu ikiwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu darubini zile ziligeuza taswira, na wengine walizoea hivyo hata chombo kipya kilipowaonyesha stafu iliyosimama wima wakalalamika.

Stafu ikilala, hata kidogo, namba inaongezeka. Ikiinama nyuzi 2 tu kwenye somo la mita 3, kosa linakaribia milimita 2. Ikiinama nyuzi 5, kosa linapita sentimita moja. Kwa hiyo stafu hufungwa kipovu cha mviringo mgongoni, na mshika stafu anakichunga kama macho yake. Kipovu kikiwa kimevunjika, ipo njia ya wakongwe ambayo ni rahisi mpaka inachekesha.

"Dogo, ichezeshe kidogo."

"Sawa, mzee."

Kijana anaiyumbisha stafu polepole, mbele kuelekea leveli kisha nyuma. Kwenye darubini namba zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Mpima anasubiri ndogo kuliko zote, kwa kuwa hiyo ndiyo ya wakati stafu ilipopita kwenye wima. "Moja, nne mbili saba," anasema. Mwandishi aliyekaa kwenye jiwe na daftari anairudia kwa sauti, "Moja, nne mbili saba," ndipo anaandika 1.427. Kurudia huko si mapambo. Saba na sita zikitamkwa kwenye upepo, kando ya lori linalopanda mlima, husikika ndugu.

Jambo zito zaidi kwa mshika stafu ni pale leveli inapohama. Mstari hauwezi kuona mbali bila kikomo, kwa hiyo kazi inakwenda kwa kurukana: leveli inasoma stafu iliyo nyuma, inasoma iliyo mbele, kisha leveli inanyanyuliwa na kupita mbele wakati stafu ya mbele inabaki palepale, ikigeuzwa uso tu. Kwa dakika zile chache, kimo chote kilichobebwa tangu asubuhi kimekaa juu ya nukta moja ya ardhi. Hakuna mashine inayokikumbuka. Udongo ukibonyea milimita 4 stafu ikigeuzwa, milimita hizo zitasafiri hadi mwisho wa mstari na hakuna atakayejua zilikopotelea. Ndiyo sababu mshika stafu anayejiheshimu hutembea na bamba la chuma lenye meno matatu, hulikanyaga likazama vizuri, na kusimamisha stafu kwenye chunusi iliyo katikati yake. Asipokuwa na bamba hutafuta jiwe lililojikita lenye kichwa cha mviringo. Huigeuza stafu bila kuinyanyua. Hufuta tope kitakoni mwake. Na anapoivuta irefuke, husikiliza ule mlio wa kitufe kinachojifunga, maana kipande kisichofika mwisho huidanganya kila namba iliyo juu yake.

Sasa nifike kwenye kile ninachokipenda kuliko yote. Leveli yoyote ina kosa. Imesafirishwa kwenye buti la gari kwenye barabara ya vumbi, imeanikwa juani, mstari wake haupo mlalo kamili hata kama kipovu kinasema hivyo. Tuseme unapanda milimita 3 katika kila mita 30. Mpima akiisimamisha leveli katikati kabisa, mita 30 kutoka stafu ya nyuma na mita 30 kutoka ya mbele, somo la nyuma litazidi milimita 3 na somo la mbele litazidi milimita 3. Ukitoa moja kwenye jingine, kosa linatoweka lote. Umepata tofauti ya kweli ya kimo kwa chombo kinachosema uongo.

Na si kosa hilo tu linalotoweka. Dunia ni duara, kwa hiyo mstari mnyoofu unajitenga na uso wa maji kadiri unavyokwenda: kwenye mita 50 ni sehemu mbili za kumi za milimita, lakini kwenye kilomita moja ni karibu sentimita 8. Hewa nayo huupinda mwanga na kurudisha sehemu ndogo ya hizo. Leveli ikikaa katikati, mviringo wa dunia uko pande zote mbili sawasawa, nao unajifuta. Mpima hahitaji kuijua hesabu yake. Anahitaji kuhesabu hatua zake kutoka stafu hadi leveli na kutoka leveli hadi stafu, au kusoma nyuzi mbili fupi zilizo juu na chini ya ule wa katikati, kwa kuwa tofauti yake ikizidishwa mara 100 ni umbali. Namfahamu mpima ambaye hatua zake zinatosha. Ukimwambia apime kwa utepe anakuona mgeni.

Kuna kimoja ambacho usawa huo hautibu vizuri, nacho ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi lami ya pwani huanza kuchemsha hewa iliyo juu yake, miraba ya stafu inacheza kama inaonekana majini, na anayedai anasoma milimita wakati huo anajipendekeza. Dawa ni kuamka mapema, kufupisha masafa, na kutosoma nusu mita ya chini ya stafu ambako hewa imechafuka zaidi. Stafu yenyewe inarefuka pia. Alumini ya mita 4 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita 2. Kwa mtaro wa mtaani si hoja. Kwa mistari mikuu ya nchi ni hoja kubwa, na wanaoipima hutumia stafu yenye utepe wa invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao karibu hautikiswi na joto. Aliyeugundua mwaka 1896, Charles Édouard Guillaume, mzaliwa wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1920. Sidhani kama ipo tuzo nyingine ya ukubwa huo iliyokaribia hivyo stafu ya mpima.

Ukitaka kujua kazi hii isipokamilishwa inaleta nini, msikilize mfereji wa Suez. Mwaka 1799 Napoleon akiwa Misri aliwapa wahandisi wake, wakiongozwa na Jacques-Marie Le Père, kazi ya kupima kutoka Bahari ya Shamu hadi Mediterania. Walipima katikati ya vita, kwa vipande, wakikatishwa mara kwa mara, na hawakupata nafasi ya kuurudia mstari wote. Jibu lao lilikuwa kwamba Bahari ya Shamu iko juu ya Mediterania kwa karibu mita 10. Mwanahisabati Laplace hakukubali kwamba bahari mbili zilizoungana na bahari kuu zinaweza kupishana hivyo, lakini namba iliyoandikwa ina nguvu kuliko hoja, na zile mita 10 zikakaa vichwani mwa watu kwa karibu miaka hamsini. Mfereji wa wazi ukawa ndoto ya hatari, kwani ungehitaji milango ya kuzuia maji. Mwaka 1847 Mfaransa mwingine, Paul-Adrien Bourdaloue, alisimamia upimaji mpya wenye kurudiwa na kukaguliwa, na bahari hizo mbili zikaonekana karibu sawa. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869 bila mlango hata mmoja, na meli za Ulaya zilizokuja pwani yetu hazikuhitaji tena kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Baadaye Bourdaloue alikabidhiwa kupima mwinuko wa Ufaransa nzima, kazi iliyofanyika kati ya 1857 na 1864.

Mimi simcheki Le Père. Alikosa kitu ambacho kila mpima wa mtaro anakipata bure, nacho ni nafasi ya kurudi. Kanuni ni kwamba mstari haumaliziki mwishoni, unamalizika ulikoanzia, au kwenye alama nyingine yenye kimo kinachojulikana. Ukitoka kwenye alama ya mita 12.350 ukazunguka kilomita moja na nusu ukarudi, daftari lazima likupe mita 12.350. Halitakupa. Litakupa 12.346 au 12.355, na hapo ndipo kazi yako inapopimwa. Wapima wengi hukubali kosa lisilozidi milimita 12 zikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha kilomita zilizotembewa, ambazo kwa mzunguko huo ni kama milimita 15. Likizidi hapo, mnarudi njiani, na hakuna anayeuliza ni nani aliyekosea.

Daftari lenyewe lina ulinzi wake. Somo la nyuma kwenye alama ile ya 12.350 ni 1.482, kwa hiyo mstari wa leveli uko 13.832. Somo la mbele ni 0.967, kwa hiyo nukta ya pili iko 12.865. Leveli inahama, nyuma 1.215, mbele 2.304, nukta ya tatu iko 11.776. Chini ya ukurasa mwandishi anajumlisha masomo yote ya nyuma, 2.697, na yote ya mbele, 3.271. Tofauti ni 0.574 kwa kushuka. Kimo cha mwisho ukikitoa kwenye cha kwanza ni 0.574 vilevile. Zikipishana, amekosea kujumlisha, na atajua hivyo kabla hajafunga kalamu. Ukaguzi huo haukamati somo lililosomwa vibaya, ila unamnyima hesabu mbovu mahali pa kujificha. Na katika daftari hilo kifutio ni mwiko. Namba mbaya hukatwa kwa mstari mmoja, ikabaki inasomeka, na nzuri ikaandikwa juu yake. Nimeona madaftari ya zamani ya wapima wa barabara yenye madoa ya chai na jasho, na ndani yake unaweza kumfuata mtu akijirekebisha hatua kwa hatua, jambo ambalo faili la kompyuta halikuonyeshi.

Vimo hivyo vyote vinahesabiwa kutoka baharini. Tanzania hutegemea wastani wa usawa wa bahari uliosomwa bandarini Tanga, na kutoka hapo namba zimebebwa bara, stafu kwa stafu, hadi kwenye alama za chuma na saruji ambazo wengi wetu tunazipita bila kujua. Wengine huzing'oa wakidhani chini kuna mali. Kila alama inayong'olewa humlazimu mpima afuate nyingine ya mbali zaidi, na gharama hiyo humwangukia mwenye mradi.

Vijana wengi watakwambia zama za stafu zimekwisha kwa sababu kuna setilaiti. Leveli yenyewe imesogea: mwaka 1990 kampuni ya Wild ya Uswisi ilitoa ya kwanza inayosoma stafu yenye michirizi kama ile ya bidhaa za dukani, na mwandishi akapungukiwa kazi. Kipokezi cha setilaiti kweli ni ajabu. Kinafaa mipaka ya mashamba, ramani na milima mirefu. Kilimanjaro ilipopimwa upya mwaka 1999 kwa njia hiyo ilitoka na mita 5,892, tatu pungufu ya zile 5,895 tulizokaririshwa shuleni. Lakini setilaiti inapima kutoka umbo la hesabu la dunia, si kutoka baharini, na pwani yetu viwili hivyo vinapishana kwa zaidi ya mita 20. Kisimamishe kipokezi ufukweni, mguu ukilowa, kitakuambia uko chini kabisa ya bahari, mpaka ukipe kielelezo cha kusahihisha. Hata kikishasahihishwa, mpima wa kipokezi cha uwanjani huridhika na kimo chenye wasiwasi wa sentimita 2 au 3. Kwa kilele cha mlima hilo halina neno. Kwa mtaro wa mita 50 wenye mteremko wa sentimita 5 tu, sentimita 3 zikizidi mwanzoni na 3 zikipungua mwishoni zinatosha kuyarudisha maji yalikotoka.